Kikohozi kikifika kaunta: mtoa dawa wa Mwanza afundishwe nini kuhusu antibayotiki

Watoa dawa wengi wa Mwanza wanajua kwamba antibayotiki haiui virusi. Walifundishwa darasani, wakaulizwa kwenye mtihani, wakajibu sawa. Lakini mtu akisimama mbele ya kaunta na mafua ya siku tatu akasema "nipe amoksilini za buku", mara nyingi anaondoka nazo. Tafiti zilizotumia wateja wa siri, yaani watu waliofundishwa kuigiza ugonjwa, zimeonyesha hali hiyo katika nchi nyingi: anachojibu muuzaji kwenye dodoso ni kimoja, anachokifanya mteja akiwa mbele yake ni kingine. Ndiyo maana mafunzo yanayorudia somo la virusi na bakteria yanakula muda wa watu bure. Mtoa dawa anakosa namna ya kutambua, ndani ya dakika chache na bila maabara, nani arudi nyumbani, nani aende zahanati na nani akimbizwe hospitali. Akishatambua, anakosa maneno ya kumwambia mgonjwa na kitu cha kumpa mkononi.

Kwa nini kapsuli huonekana imefanya kazi

Mafua ya kawaida huwa makali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka yenyewe, na kwa watu wengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Koo linalouma kwa sababu ya virusi huchukua kama wiki moja. Kikohozi kinachofuata mafua huweza kubaki hadi wiki 3 hata kama mtu hajambo kabisa kwa mengine yote.

Mteja haji dukani siku ya kwanza. Anaanza na tangawizi na ndimu, anavumilia, anakuja siku ya tatu au ya nne akiwa amechoka. Kesho yake ugonjwa ulikuwa unashuka hata angekunywa maji matupu. Akipewa kapsuli, nafuu inakuja na kapsuli inapata sifa. Baada ya miaka kadhaa ya wateja kurudi kushukuru, mtoa dawa naye anaamini kile alichokikataa kwenye mtihani. Mkufunzi asipoanza na hesabu hii ya siku, mengine yote yataonekana maneno ya kitabuni.

Rangi ya makohozi nayo imepotosha wengi. Makohozi ya kijani au ya njano hupata rangi hiyo kwa sababu seli nyeupe za damu zina kimeng'enya chenye rangi ya kijani, na seli hizo huja kupambana na virusi kama zinavyokuja kupambana na bakteria. Makohozi ya kijani kwa mtu asiye na homa kali wala shida ya kupumua hayatoshi kuwa sababu ya antibayotiki.

Gharama ya kukosea haionekani pale kaunta. Amoksilini aliyokunywa mtu wa mafua haikai puani. Inapita tumboni, inaua bakteria dhaifu wa utumbo na kuwaacha sugu wakizaliana kwa nafasi. Miezi michache baadaye bakteria hao hao wanaweza kuleta UTI isiyosikia dawa za kawaida. Makadirio ya dunia ya mwaka 2019 yalionyesha vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba kiwango kikubwa zaidi kulingana na idadi ya watu wake.

Pumzi zihesabiwe

Kama mkufunzi ana nafasi ya kufundisha jambo moja tu, afundishe kuhesabu pumzi za mtoto. Nimonia ndiyo ugonjwa wa kifua usiopaswa kupita kaunta bila kuonekana, na kwa mtoto chini ya miaka 5 huonekana kwa macho kabla haijasikika kwa chombo chochote.

Mtoto awe ametulia, hanyonyi, halii. Mama amfungue shati ili kifua na tumbo vionekane. Mtoa dawa ahesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika nzima, sekunde 60, kwa saa ya mshale au saa ya simu. Kuhesabu sekunde 30 na kuzidisha mara mbili kunazidisha na kosa, na watoto wadogo hupumua bila mpangilio, mara haraka mara polepole. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, kiwango ni 50. Wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Hesabu ikigusa kiwango au kukivuka, subiri kidogo, hesabu tena. Zote mbili zikiwa juu, mtoto huyo si wa mafua.

Kisha atazame sehemu ya chini ya kifua. Mtoto akivuta pumzi na sehemu hiyo ikabonyea ndani badala ya kutoka nje, hiyo ni nimonia hata kama hesabu ya pumzi haikutisha. Dalili za hatari zinazotaka hospitali papo hapo ni hizi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki, au anatoa sauti ya kukwaruza akivuta pumzi huku ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye kikohozi au homa apelekwe kituoni bila mjadala, hata akionekana mzima.

Kuna mitego miwili ya Kanda ya Ziwa. Kwanza, kila mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Lakini kipimo kikionyesha malaria, pumzi zihesabiwe vilevile, kwa kuwa mtoto anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja. Pili, mtoto ambaye kifua kinapiga mluzi akitoa pumzi, na hali hiyo humrudia mara kwa mara, huenda ana pumu. Anahitaji dawa ya kuvuta ya kufungua mirija, na kila chupa ya antibayotiki anayopewa inamchelewesha kuipata.

Kwa mtu mzima, angalia pumzi 30 au zaidi kwa dakika, kuchanganyikiwa, kushindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, kichomi kikali akivuta pumzi pamoja na homa, au damu kwenye makohozi. Wazee wa miaka 65 na kuendelea, wajawazito, wanaoishi na VVU na wenye kisukari wapelekwe mapema zaidi. Maduka yaliyonunua kipimo cha oksijeni cha kidoleni wakati wa UVIKO-19 yakitoe kabatini: chini ya asilimia 90 ni hospitali sasa hivi. Rangi ya kucha ifutwe na vidole vya baridi vipashwe kwanza, la sivyo namba itadanganya.

Koo, na kisa cha wiki mbili

Koo ndilo eneo gumu, na mkufunzi asilirahisishe. Koo nyingi zinazouma ni za virusi. Zile za bakteria aina ya streptokokasi zina alama nne zinazokwenda pamoja: homa ya zaidi ya nyuzi 38, tonsesi zilizovimba au zenye usaha, tezi za mbele ya shingo zinazouma zikiguswa, na kutokuwepo kwa kikohozi. Mwenye alama sifuri hadi mbili hahitaji antibayotiki. Mwenye tatu au nne, hasa mtoto wa umri wa shule, aende akaonwe, kwa sababu huku kwetu homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo bado ipo, na huanzia kwenye koo kama hilo. Mtoa dawa akikuta cheti cha penisilini ya kumeza au amoksilini ya siku 10 kwa koo la namna hii, asidhani daktari amekosea na kumpunguzia mgonjwa siku. Hapa siku 10 zina sababu yake.

Kikohozi kinachorefuka kinachanganya zaidi. Tumesema kikohozi cha mafua huweza kwenda wiki 3. Lakini Tanzania, mtu anayekohoa wiki 2 au zaidi anahesabiwa kuwa mshukiwa wa kifua kikuu hadi makohozi yapimwe, na kwa anayeishi na VVU haijalishi ni siku ngapi. Mambo haya mawili hayapingani. Mtu wa wiki mbili anaweza kweli kuwa na mabaki ya mafua, ila kaunta haina namna ya kujua, na kipimo cha makohozi hakilipiwi. Asichopaswa kupewa ni antibayotiki ya "kujaribu". Siprofloksasini na levofloksasini ni mbaya zaidi hapa: dawa za familia hii hugusa pia vimelea vya kifua kikuu, zinampa mgonjwa nafuu ya wiki chache, makohozi yanaweza yasionyeshe kitu, na ugonjwa unaendelea kuambukiza nyumba nzima.

Kando ya ziwa swali hili lina uzito wake. Mvuvi anashuka Mwaloni Kirumba asubuhi, anauza, anataka kurudi kambini visiwani jioni, na anaomba "dawa ya kifua ya kukaa nayo". Aulizwe siku za kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito kabla ya jambo lingine lolote. Mwanamke anayebanika samaki kwa moshi au kupika kwa kuni ndani anaweza kukohoa miezi bila homa. Moshi wenyewe unatosha kuleta kikohozi hicho, lakini naye akifika wiki mbili apimwe makohozi kama wengine.

Dozi: mahali antibayotiki sahihi inapoharibiwa

Hata pale dawa inapohitajika kweli, kipimo hupotea kati ya cheti na kijiko. Chukua mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia aliyeandikiwa amoksilini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, siku 5. Kwake ni miligramu 480 asubuhi na 480 jioni. Kwa vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250 ni viwili asubuhi na viwili jioni, jumla 20. Vinayeyuka kwenye maji safi kidogo au maziwa ya mama, havihitaji friji, na mama hapimi kwa kijiko. Kama duka lina uwezo wa kuweka aina moja tu ya amoksilini ya watoto, hii ndiyo ya kuweka.

Sasa tazama dawa ya maji ya miligramu 125 kwa mililita 5. Kufikia dozi hiyo mtoto anahitaji mililita 20 kila mara, 40 kwa siku, 200 kwa siku 5: chupa mbili za mililita 100. Kinachouzwa kwa kawaida ni chupa moja na maelekezo ya "kijiko kimoja kutwa mara tatu". Hiyo ni miligramu 375 kwa siku mahali panapohitajika 960, yaani chini ya asilimia 40. Amoksilini hufanya kazi kwa kukaa damuni juu ya kiwango fulani kwa saa nyingi za siku. Pneumokokasi, bakteria anayeleta nimonia, akianza kuwa sugu anahitaji kiwango hicho kiwe juu zaidi, na ndiyo sababu dozi za zamani zilipandishwa. Dozi ndogo inaua walio dhaifu, inawabakiza wengine, na mtoto anarudi siku ya nne akiwa hoi. Hapo ndipo watu husema amoksilini haifanyi kazi siku hizi, wanapanda kwenda kwa sindano.

Unga uchanganywe dukani, usipelekwe nyumbani mkavu. Gonga chupa ili unga ulioganda uachie, tia karibu nusu ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tikisa, subiri povu litulie, kisha jaza hadi kwenye alama na utikise tena. Anayejaza huku povu limefika kwenye alama ametia maji pungufu, na dawa itakuwa kali kuliko lebo. Soma lebo inadumu siku ngapi baada ya kuchanganywa na kama inataka friji, mwambie mama, mwandikie tarehe ya kumwaga. Mpe bomba la sindano lisilo na sindano, umwekee alama ya kalamu pale dawa inapoishia; vijiko vya nyumbani havilingani hata ndani ya nyumba moja.

Kwa mtu mzima mwenye nimonia isiyo kali, dozi inayopendekezwa ni gramu 1 kila saa 8 kwa siku 5, yaani kapsuli 30 za miligramu 500. Za buku haziwezi kufika hapo. Kama mteja ana cheti na fedha haitoshi, ni afadhali kumsaidia apate dozi nzima kituoni kuliko kumpa nusu. Na kama hana sababu ya kuinywa, hata kapsuli mbili ni nyingi mno.

Kabla ya kutoa chochote cha jamii ya penisilini, mteja aulizwe kuhusu mzio, na swali liwe wazi: "Uliwahi kunywa amoksilini ukavimba midomo, ukatoka mabaka ya kuwasha au ukabanwa pumzi?" Kuharisha kidogo si mzio, na mtu asisukumiwe kwenye azithromaisini kwa sababu hiyo.

Kuhusu azithromaisini yenyewe: imependwa kwa sababu ni vidonge vitatu tu na kazi imekwisha. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limegawa antibayotiki katika makundi matatu, la kwanza la dawa za kuanzia kama amoksilini, la pili la kutumiwa kwa uangalifu, la tatu la akiba. Azithromaisini, siprofloksasini na seftriaksoni ziko kundi la pili. Azithromaisini hubaki mwilini siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho, ikishuka taratibu, na hicho kipindi kirefu cha kiwango kidogo ni shule ya usugu kwa bakteria wa koo. Pia inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu, hasa ikichanganywa na dawa nyingine zenye tabia hiyo. Mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, unaoulizwa madukani kwa kila ugonjwa, Shirika hilo limeuweka kwenye orodha ya michanganyiko isiyopendekezwa. Metronidazo haina kazi yoyote kwenye kikohozi.

Cha kusema na cha kumpa

Mteja akiambiwa "huhitaji dawa" anasikia "sina msaada nawe", anavuka barabara hadi duka la pili. Maneno lazima yabebe ulichokiona, muda, na lini arudi. Kwa mfano:

"Mama, nimemhesabia mwanetu, pumzi ni 34 kwa dakika, kifua hakibonyei na ananyonya vizuri. Haya ni mafua. Yatamsumbua mpaka kama wiki, kikohozi kinaweza kuchelewa zaidi. Antibayotiki haitayafupisha, itamharisha tu. Kwa kuwa ana homa, mpitishe zahanati leo wampime malaria. Na ukiona anapumua haraka kuliko hivi, au amekataa kunyonya, usinirudie mimi, nenda moja kwa moja hospitali, hata kama ni usiku."

Namba 34 ina nguvu kuliko mhadhara. Mama ameona kazi imefanyika.

Mkononi apewe parasetamo kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Pua iliyoziba isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye mililita 250 za maji yaliyochemshwa, yatengenezwe upya kila siku. Asali, kama hii nzuri inayotoka Tabora, hutuliza kikohozi cha usiku kwa mtoto aliyetimiza mwaka. Chini ya mwaka ni marufuku, kwa hatari ya sumu ya botulizimu. Dawa za maji za kikohozi zenye kodeini au za kusinzisha zisipewe watoto wadogo. Asprini vilevile.

Mafunzo yenyewe

Semina ya siku moja hotelini yenye mada kumi haibadilishi kaunta. Kundi la watu kumi hivi wa kata moja, kwa saa mbili za mchana wateja wanapokuwa wachache, kisha mwezi unaofuata tena, hufanya zaidi. Robo tatu ya muda iende kwenye mazoezi. Waonyeshwe video za watoto wanaopumua, kila mmoja ahesabu kimya na kuandika, halafu namba zilinganishwe. Wanaotofautiana kwa zaidi ya pumzi chache warudie. Waigize mteja mbishi, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, maana bibi aliyetoka Magu au Kwimba hatafungua moyo kwa lugha ya darasani. Wachanganye chupa kwa mikono yao.

Mwenye duka aalikwe. Katika maduka mengi ya dawa muhimu anayesimama kaunta ameajiriwa, na anaulizwa mauzo kila jioni. Antibayotiki ni dawa za cheti, na orodha inayoruhusiwa kwenye maduka hayo ni fupi. Mwenye mali akilijua hilo vizuri, na akaona faida inaweza kutoka kwenye vipimajoto, mabomba ya kupimia na vidonge vya watoto vinavyouzwa kwa dozi nzima, mwajiriwa wake anapata mgongo wa kuegemea.

Baada ya hapo kipimo kiwe daftari lenye mistari michache: umri, siku za kikohozi, pumzi, alichopewa, alikopelekwa. Mwisho wa mwezi wanahesabu kati ya wateja wa kikohozi ni wangapi waliondoka na antibayotiki, na kati ya hao wangapi walipata dozi kamili. Mteja wa siri anaweza kutumika, mradi watoa dawa wameambiwa mapema kwamba atakuja siku wasiyoijua na matokeo yatasemwa faraghani, bila adhabu.

Na zahanati iwe ndani ya mpango tangu mwanzo. Mtoa dawa wa Nyakato akimkatalia mtu amoksilini asubuhi, akampeleka kituoni, na mgonjwa akarudi mchana na cheti cha amoksilini kwa mafua yale yale, kazi ya mwezi mzima imevunjika mbele ya foleni. Karatasi ya rufaa iwe na namba ya pumzi, siku za kikohozi na dawa alizokwishakunywa, na chini yake kipande cha kukatwa ambacho tabibu anaandika alichokikuta. Kipande hicho kirudi dukani.